Mikono Niliyoiita Najisi

Mwanangu Salha,

Umetoka hivi punde kwenda kuwaaga wenzako hospitali, na nyumba imebaki na mimi na mabegi yako mawili pale mlangoni. Asri nimeshasali. Nimesukuma vitambaa pembeni ya cherehani, nimechukua lile daftari langu la vipimo kwa kuwa ndilo pekee lenye karatasi. Ukigeuza ukurasa ukakuta kifua na kiuno cha mtu, usishangae.

Sikuandikii mambo ya baridi ya Birmingham unakokwenda kesho, wala nini ule, wala uamke saa ngapi. Una miaka ishirini na tano, wewe ni muuguzi, umeshafunga vidonda ambavyo mimi nisingethubutu kuvitazama. Hayo unayajua kunishinda. Nakuandikia niliyokufanyia. Mengi unayajua kwa kuwa yalikupata wewe. Moja hulijui, na nimekaa nalo miaka mitano kila ukiniuliza jambo lolote nikiogopa ndilo utakaloliuliza.

Nianze pale Al-Hamra, hapa hapa Jeddah, kwa madam niliyekuwa nikimshonea.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuchukua wakati ule, upo likizo, unishikie mkoba wa pini na uandike vipimo. Madam alikuwa na harusi mbili msimu ule, na mabinti zake watatu hawakuridhika na mshono wowote. Tukafika pale labda mara kumi na tano. Na kila tukifika, mimi hupandishwa juu, wewe hushuka jikoni kwa Njeri, yule dada wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi za ndani. Mimi nilifurahi. Nilisema, mwanangu kapata wa kuzungumza naye Kiswahili, ingawa Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa kinakuchekesha. Ukirudi nyumbani unasema "sawa sawa, mum" kama yeye, na bibi yako anakuuliza ni ugonjwa gani huo.

Nilikuona unachangamka. Unaimba ukikosha vyombo. Ulianza kuamka alfajiri bila kuamshwa, unasali, unabaki pale juu ya mswala muda mrefu na msahafu wa marehemu baba yako mapajani. Nikamwambia bibi yako, mtoto huyu Mungu amemfungua. Wallahi nilisema hivyo. Nilikuwa sijajua kinachokufungua, lakini sikukosea kuona kwamba umefunguka.

Siku ile nilishuka kutafuta mkasi mkubwa. Nikaenda moja kwa moja chumba cha kufulia kwa kuwa ndiko nilikouacha. Njeri alikuwa amesimama na pasi imezimwa, na wewe umemshika uso kwa mikono miwili, mmegusanisha vipaji vya nyuso, halafu ukambusu. Hamkuniona. Nilirudi juu bila mkasi. Nikamwambia madam nitaukata mshono nyumbani.

Njia nzima kwenye teksi hukujua kwa nini sikusemeshi. Tulipofika nikafunga mlango, nikakuuliza. Ungeweza kukana. Ningekuamini, kwa jinsi nilivyotaka kuamini. Wewe ukasema, "Mama, sitaki kukudanganya. Ndivyo nilivyo toka zamani. Nimemuomba Mungu aniondolee, nikachoka kuomba hivyo, nikaanza kumuomba anijue tu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Anijue tu. Siku ile sikuyasikia. Nilisikia majirani. Nilisikia wake wa jamaa zetu kwenye maulidi wakikohoa nikiingia. Nikakwambia maneno ambayo wewe unayajua, ila nayaandika hapa kwa mkono wangu ili usije ukadhani nimeyasahau: "Usiguse msahafu wa baba yako. Mikono hiyo najisi. Na sala zako usijisumbue nazo, hazivuki dari hii."

Ulikuwa umeshika glasi ya maji. Uliiweka mezani taratibu, ukatazama viganja vyako, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta doa. Halafu ukaenda chumbani. Tangu siku ile sikukuona tena ukiugusa ule msahafu. Hukuuchukua hata ulipoondoka, nilipita mara nyingi nikaukuta pale pale kabatini, vumbi juu, na badala ya kuumia nilijisemea, angalau ana haya.

Mwanangu, mimi sina elimu ya kuhukumu. Masheikh wana yao na vitabu wanavyo, na sijageuka leo kuwa mwanachuoni wa kukutolea fatwa kwenye daftari la vipimo. Ninachokijua ni kile nilichofanya mimi. Niliogopa watu, na nikamtumia Mungu. Nilimtoa Mungu mfukoni kama mtu anavyotoa kitambulisho askari akimsimamisha, ili nisiulizwe mimi. Ningekwambia "naogopa", ungenielewa. Pengine tungelia wote wawili yakaisha. Nikasema "Mungu hakutaki", na hilo sikutumwa na mtu kulisema.

Nikampigia Mjomba Hamdun kule Riyadh. Nikamwambia Salha ana jini. Yeye kaka yangu ana moyo mweupe, hakuuliza jini gani. Akasema mlete, hapa mtaani Manfuha kuna msomaji wa kutoa majini anasifika.

Wiki ile ile nikakupakia basi. Umesimama nyuma yangu kituoni kama mtoto wa shule ya msingi, na mtu mzima wewe. Njiani uliniuliza mara moja tu, "Mama, tutarudi wote?" Nikasema ndiyo.

Ile nyumba ya msomaji ninaiona hata sasa. Ngazi nyembamba, ukuta umevimba kwa unyevu, viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Walikupeleka nyuma ya pazia. Mimi nikakaa huku upande wa pili na wanawake wengine waliokuja na shida zao. Nikasikia anasoma, na sauti yake mwanzoni nilidhani nzuri. Kisha nikasikia fimbo. Kisha nikakusikia unatapika yale maji ya chumvi. Halafu ukaita.

"Mama!"

Nikashika mkanda wa mkoba wangu.

"Mama, mwambie aache! Mama!"

Mwanamke aliyekaa kando yangu akaniwekea mkono gotini. Akasema, "Usimjibu dada, anayeita siye mwanao, ni huyo jini anakulainisha." Na mimi nikaafiki. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa najua sauti ile ni yako, Salha. Mama hakosei. Nilikuzaa, nilikunyonyesha, nilikusikia ukiita hivyo usiku wa homa, ukiita hivyo ulipoanguka na baiskeli uani kwa bibi. Nilijua ni wewe na nikakaa. Kulikuwa na pazia tu kati yetu, kitambaa chepesi cha kanga mbili zilizoungwa vibaya, mimi fundi nilikuwa nimekaa natazama ule mshono.

Kesho yake nikarudi Jeddah peke yangu. Nilikwambia nitakufuata baada ya wiki mbili. Nikakuacha miaka minne.

Kwamba hukurudishwa tena kwa yule msomaji baada ya mara ya nne, hiyo si kazi yangu. Ni Mjomba Hamdun. Mkewe alikuona mgongo unaoga, akamwambia, naye akasema halas, huyu mtoto haendi tena, na kama ana jini basi jini huyo ana adabu kuliko sisi. Nilipoambiwa kwenye simu nilikasirika. Nilimwambia amelegea. Ndugu yangu alikuhurumia bila kujua kitu, na mimi niliyejua kila kitu nikamgombeza.

Ukajiunga na chuo cha uuguzi huko huko. Ukawa unanipigia kila Ijumaa, dakika chache, afya, bibi hajambo, basi. Nikiuliza "unasali?" unajibu "alhamdulillahi", nami najua hilo si jibu. Nikaamini kwamba umeacha dini. Nikawa nakuombea dua kwa sauti kubwa mbele ya watu, mwanangu kapotea, mniombee. Nilipenda wakinionea huruma. Hilo nalo nalikiri.

Sasa nifike kwenye kifo cha bibi yako.

Ulikuwa umerudi Jeddah miezi miwili tu, umepata kazi, unakaa nami, tunapishana jikoni kama wapangaji. Bibi alifariki saa za dhuha, wewe umemshika mkono. Mama yangu yule aliyetoka Unguja mwaka sitini na nne, msichana mdogo mwenye mimba, akafika Jeddah akajifungua, na hapa akaishi mpaka akawa anaijua mitaa yake kuliko waliozaliwa. Tulipompeleka kuoshwa, pale penye chumba cha kuoshea maiti karibu na makaburi, yule muoshaji wa zamu alikuwa na maiti mwingine mkononi. Akatuambia kwa Kiarabu, kama kuna ndugu anayejua, aanze.

Tukaangaliana. Mimi na shangazi zako wawili, wanawake wa miaka sitini, na hakuna aliyewahi kufanya. Ukasema, "Mimi najua."

Nikafungua mdomo. Unafahamu nilitaka kusema nini. Uliniona. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lile lile la miaka minne nyuma, mbele ya mama yangu aliyelala pale. Nawe hukunipa nafasi. Ulikunja mikono ya baibui, ukavaa glavu, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unaniomba chumvi, "Mama, nishikie maji. Mimina polepole, nitakwambia wapi."

Nikamimina.

Salha, mimi nimeshona nguo miaka thelathini, najua mkono unaojua kazi. Ulimfunika bibi shuka toka kitovu mpaka magotini, ukawa unaosha chini ya shuka bila kumfunua hata kidole. Ulimtawadhisha kama anayetawadha mwenyewe. Na ulikuwa unazungumza naye! "Bibi, nakugeuza upande wa kulia. Maji si ya moto sana? Haya, bibi yangu, tumemaliza huku." Ukamsuka nywele zile chache misuko mitatu. Ukaweka kafuri pale kwenye paji la uso alilosujudia miaka yote ile. Shangazi yako Moza alikuwa analia kwa sauti, nawe ukamwambia kwa upole, "Shangazi, nenda nje kidogo, akusikie ukimwombea, asikusikie hivi."

Mimi sikulia. Nilikuwa natazama mikono yako.

Nilipokuuliza baadaye, tumekaa jikoni wageni wameondoka, ulinieleza bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Ukasema mwezi wa tatu Manfuha, umekaa ndani kwa Mjomba, hutoki, husali, kwa kuwa uliambiwa sala zako hazivuki dari. Jirani yao mmoja, Bi Mauwa, bibi wa Kingazija mwenye maneno makali, akaja kugonga. Kuna dada Mhabeshi amefia chumba cha juu, hana ikama ya kuishi nchini, hana kafili wa kumdhamini, hana ndugu, na wenzake wanaogopa kumgusa wasije kuulizwa. Akasema anahitaji mwanamke mmoja wa kumsaidia kumuosha kabla hawajaja kumchukua.

Ukamwambia, "Mimi si msafi. Mama yangu amesema."

Akakuuliza, "Una hedhi?"

"Sina."

"Basi una mikono. Yalla, twende, maiti hangoji hadithi."

Ulicheka ukinisimulia. Mimi nilishindwa. Ukasema uliogopa mpaka ulipomgusa yule dada begani, na bega lilikuwa dogo, lina alama ya kuungua pasi, na ghafla ukasahau habari ya mikono yako ukawa unafikiri bega lile tu. Mlipomaliza Bi Mauwa akasali, nawe ukajikuta umesimama kando yake, unasali sala yako ya kwanza tangu utoke kwangu. Ilikuwa sala ya jeneza, ile ambayo mtu hasujudu wala harukuu, anasimama tu mbele ya Mola wake na kuomba kwa ajili ya mwingine. Ukaniambia, "Niliona hii naiweza. Sikuwa naomba changu."

Ndivyo ulivyorudi, kumbe. Miaka minne umeosha wanawake wa Manfuha, Wahabeshi, Wakenya, Waganda, mabibi wa Kizanzibari wasio na watoto, unatoka darasani unaenda kuosha. Na mimi huku natangaza umepotea.

Ukasema tena neno jingine, na hili nalihifadhi mpaka nife. Nilikuuliza, kwa sauti ndogo maana sikuwa na haki ya kuuliza, kama bado uko vile ulivyoniambia. Ukasema, "Ndiyo mama, niko vile vile. Nilidhani Mungu ameondoka pamoja na nyinyi. Nikakaa pale kimya siku nyingi, nikagundua mlioondoka ni nyinyi tu." Ukaendelea kukosha kikombe. Hukusema ili kuniumiza. Ulikuwa unanieleza tu njia uliyopita, kama mtu anavyoelekeza nyumba yake.

Usije ukanisikia nasema kwamba kwa hiyo ilikuwa heri nilivyokufukuza. Wapo watakaokwambia hivyo, kwamba Mungu alipanga, kwamba usingepata haya bila yale. Usiwakubalie kwa ajili yangu. Ulichokipata ulikipata wewe na Mola wako na Bi Mauwa. Mimi sikukupeleka huko. Mimi nilikutupa, na wewe ukaanguka mahali pazuri, na kuanguka kwako hakunisafishi.

Sasa lile usilolijua. Nimenyanyuka nimekunywa maji nimerudi.

Umewahi kuniambia mara moja, hapo hapo jikoni, kwamba Njeri ndiye aliyekuumiza kuliko msomaji. Kwamba ulimpigia na kumpigia toka Riyadh, simu ikawa haipatikani, kisha namba ikafa, ukajua amekukimbia. Ulisema, "Hata kuniaga hakuniaga." Mimi nikakuongezea chai.

Hakukukimbia. Siku mbili kabla ya kukupeleka Riyadh nilikwenda Al-Hamra peke yangu kumaliza zile nguo. Madam akanikalisha, akaniuliza kwa nini nimekonda. Na mimi, nikitaka yule msichana aondoke katika mji huu, na nikiogopa kusema ukweli kwa kuwa ukweli ungekugusa na wewe, nikasema uongo. Nikamwambia, "Madam, sipendi kusema, lakini huyu Njeri nilimkuta anafungua saraka ya kabati unamoweka dhahabu yako."

Hakikupotea kitu. Madam alihesabu bangili zake mbele yangu, zote zipo. Lakini aliniamini, fundi wake wa miaka kumi, mwanamke wa Kiislamu, mzee wa kuheshimika. Jioni ile ile wakamrudisha kwa ofisi ya wakala iliyomleta. Niliambiwa hivyo nilipopeleka nguo ya mwisho. Madam akanishukuru. Akanipa sanduku la tende.

Nilizirudisha? Sikuzirudisha. Tulizila, Salha. Wewe hukuwepo.

Tangu siku ile tuliyomuosha bibi nimekuwa nikimtafuta Njeri. Nimewauliza wasichana wa Kikenya, mmoja baada ya mwingine, wanaokuja kushona, wanaokaa Al-Hamra, hata nisiowajua. Wengi walidhani nina kichaa. Mwezi uliopita mmoja akanipatia namba. Yuko Nakuru, ana saluni ndogo na dada yake. Nikapiga ukiwa kazini.

Nikasema, "Ni Mama Salha, wa Jeddah."

Akasema, "Nilikuwa najua utapiga siku moja. Ni wewe ulisema niliiba, si ndiyo?"

"Ni mimi."

"Mum, mimi sijawahi iba hata sindano. Walinitoa pale na patipati za bafu miguuni, simu wakachukua, nguo zangu zikabaki. Nilikaa kwa ofisi miezi miwili nikilala chini. Nilifika kwetu mamangu akiniuliza ni nini nimefanya, nikakosa ya kumwambia."

Nikamuomba radhi. Sikujua kusema vizuri, nilisema tu nimekosa, nimekosa, nimekosa. Akaniacha nikamaliza.

"Sasa unataka niseme nimekusamehe?" akauliza. "Bado. Nikifika hapo nitakwambia. Usinisukume."

Nikasema sitamsukuma. Halafu sauti yake ikabadilika. "Salha alidhani nilimtoroka?"

"Ndiyo."

"Haki! Miaka hiyo yote?" Nikamsikia anavuta kamasi. "Mwambie sikumtoroka. Mwambie huko kwa ofisi nilikuwa naomba usiku na asubuhi, na nilikuwa namtaja jina. Mara ya kwanza niliogopa, nikasema, Mungu atachukia nikimtajia mtu ninayempenda hivi. Nikaona, kama simtaji huyo, basi nitamwomba nini kingine? Nikamtaja tu."

Hayo ndiyo aliyoniambia nikwambie. Namba yake ameniruhusu nikupe, nimeiandika nyuma ya karatasi ya mwisho. Uitumie au usiitumie, sitauliza. Nimekunyima miaka mitano, siwezi tena kuwa mlinzi wa mlango huo.

Na leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nilimpigia Mjomba Hamdun. Nikamwambia, "Salha hakuwa na jini, nilikudanganya." Akauliza, "Basi alikuwa na nini?" Nikasema, "Alikuwa na mama muoga." Sikuongeza. Lililo lako ni lako, utalitoa kwa unayemtaka siku unayotaka, au utalifunga. Mimi nilikuwa narudisha uongo wangu tu. Akasema ataniombea. Kisha akaniambia nilipaswa kumpigia siku ile mgongo wako ulipokuwa haujapona, na ni kweli.

Madam wa Al-Hamra bado. Nimefika mpaka getini kwake mara mbili nikageuza. Jumamosi nitakwenda tena, na safari hii utakuwa umeshaondoka, kwa hiyo sitakuwa na kisingizio cha kukulinda wewe. Nitakuandikia nikishasema, si kabla. Nimeshakuahidi mambo mengi nisiyoyatimiza.

Utaniuliza nimejifunza nini. Machache. Kwamba mtu anaweza kusali sala tano bila kukosa na bado asimsikie mwanawe akiita. Kwamba mimi nilipokuwa nahesabu dhambi zako sikuwa na nafasi ya kuhesabu uongo wangu, na uongo wangu ulimlaza mtu chini miezi miwili. Utakapokuwa huko, ukakutana na msikiti wenye moyo au usio na moyo, na watu watakaokupenda nusu na kukutaka ukate nusu nyingine, sitakwambia ufanye nini. Ulishaijua njia kabla yangu. Naomba tu, akitokea mtu tena akakwambia anajua sala yako inafika wapi, umkumbuke mama yako, namna alivyokuwa na hakika, na namna alivyokuwa amekosea.

Nilikuwa na nia ya kuitia barua hii kwenye begi uisome ukiwa angani. Nikaona huo ni uoga ule ule, nikusemee mgongoni halafu nikae huku nisione uso wako. Nitakupa mkononi ukiingia. Utaisomea chumbani kwako. Ukitaka kutoka unifokee, nipo hapa sebuleni. Ukitaka kuondoka ukalale kwa shangazi Moza mpaka asubuhi, funguo ziko mlangoni, na nitakuletea mabegi uwanja wa ndege na kuyaacha bila kukusemesha.

Na ikiwa utaweza, isha ikiingia, njoo unisalishe. Nitatandika miswala miwili, wa kwako mbele kidogo, wangu kulia kwako. Sijawahi kusali nyuma ya mtu niliyemkosea. Usipotoka nitasali peke yangu, na sitagonga mlango wako.

Ni mimi,
mama yako